Miche ya Bibi Agnesi

Kila siku kabla ya kwenda shule, Leonia alishuka bombani mara mbili na ndoo yake ya lita kumi. Maji ya safari ya kwanza yalikuwa ya vyombo. Ya safari ya pili yalikuwa ya miche. Aliinama chini ya dirisha la chumba kipya na kumwagilia mche mmoja mmoja kwa kikopo cha plastiki, taratibu, asije akaufukua mzizi.

Miche ilikuwa ishirini na minne: nyanya, bilinganya, na maua mekundu ambayo hakuna aliyejua jina lake. Ilitoka Kalinzi kwa bodaboda, imefungwa kwenye majani ya mgomba. Aliyeituma alikuwa Bibi Agnesi, mama yake Baba. Magoti yalikuwa yamemchosha Bibi, na sasa alikuwa anashuka kuja kuishi nao. Nyumba yao ya zamani, kule Kibirizi, iliingiwa na maji ya ziwa, kwa hiyo Baba alijenga nyingine mlimani na chumba kimoja kikawa cha Bibi.

"Mimi nimezaliwa kwenye kijani," Bibi alisema kwenye simu. "Nikifungua dirisha Jumapili nikaona vumbi, Jumatatu mnanirudisha kwenye migomba yangu."

Hakuna aliyecheka. Bibi hakuwa mtu wa utani.

Mama alipanda miche kwa mikono yake, kisha akamwita Leonia. "Mimi nina samaki wa kupeleka sokoni. Bustani hii ni yako."

Leonia alikuwa na miaka kumi na miwili, na ilikuwa mara ya kwanza kupewa kitu kikubwa namna ile.

Jumanne asubuhi bomba lilikohoa mara mbili, likatema matone mekundu ya kutu, likanyamaza.

"Limekufa," alisema mwanamke mmoja kwenye foleni. "Mwenye haraka ashuke ziwani."

Leonia alitazama ziwa chini kabisa, likimetameta kama bati jipya. Kushuka ni robo saa. Kupanda na ndoo kichwani ni nusu saa nzima, na kengele ya shule ilikuwa karibu. Akarudi nyumbani na ndoo tupu.

Nyuma ya jiko lilikuwepo pipa la bluu. Ndani yake Mama alikuwa ameloweka migebuka kabla ya kuianika, na samaki wa mwisho walitolewa jana. Maji yalibaki. Yalinuka kidogo, lakini yalikuwa maji. Leonia alichota, akamwagilia miche yote, akaenda shule. Jumatano bomba lilikuwa bado bovu, akachota tena.

Alhamisi jioni majani yalikuwa yamejikunja, na kingo zake zimekuwa kahawia kama karatasi iliyopitishwa motoni.

Mama alipiga magoti chini ya dirisha. "Leonia, ulimwagilia?"

"Nilimwagilia, Mama."

Hilo lilikuwa kweli. Mama aligusa jani moja, likabaki mkononi mwake. Kisha akaona matone meupe ukutani na chini yake.

"Basi ni chokaa," akasema. "Feliksi ameosha ndoo zake hapa."

Feliksi alikuwa fundi kutoka Kidahwe. Alikuja kila asubuhi kwa baiskeli, akisalimia "Mwakeye" kwa Kiha hata kabla hajashuka. Tayari alikuwa amesawazisha sakafu ya chumba cha Bibi kwa niru, ule uji wa saruji unaong'arisha sakafu. Ukuta wa mbele alikuwa ameupaka chokaa nyeupe, na chini akaweka mkanda wa udongo mwekundu ili matope ya mvua yasionekane. Zilibaki kuta tatu za nje, na sakafu ya sebule na ya ukumbi.

Ijumaa, alipofika tu, Mama alimpeleka dirishani.

"Mama Pastory, mimi maji ya chokaa namwaga shimoni," Feliksi alisema, akimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza. "Haya ni matone ya brashi tu. Hayawezi kuua hata sisimizi."

"Na hii miche imejiua yenyewe?"

"Sijui, mama yangu. Ila si mimi."

Mama akageuka. "Leonia. Ulimwona akimwaga maji hapa?"

Leonia alitazama miguu yake. Angesema hapana, swali lililofuata lingekuwa la maji. Alitingisha kichwa kukubali. Kidogo sana, lakini Mama aliona, na Feliksi aliona.

"Basi kazi yako hapa imekwisha," Mama alimwambia.

Feliksi hakugomba. Alifunga brashi zake kwa kamba, akaziweka kwenye kikapu cha baiskeli, akainama na kuokota punje ya udongo chini ya miche. Kisha akaondoka akisukuma baiskeli, hakuipanda.

Kuanzia saa hiyo nyumba ikawa ndogo. Jikoni Mama alisema, "Maskini mwanangu, na vile ulivyohangaika na ndoo." Sebuleni Baba alisema, "Usihuzunike, Leonia, kosa si lako." Nje ndiko kulikokuwa kubaya zaidi, maana huko kulikuwa na ukuta mmoja mweupe na tatu za udongo, na Nickson wa jirani, aliyesoma naye darasa moja, alisimama barabarani akauliza kwa sauti kubwa, "Leonia, mbona nyumba yenu imevaa shati bila suruali?"

Kila alipofungua mdomo kusema, neno lilirudi tumboni. Kila saa iliyopita ilifanya neno hilo kuwa zito zaidi. Jana lingekuwa kosa la maji. Leo lilikuwa kosa la maji na kosa la Feliksi.

Jumamosi Mama na Leonia walikwenda sokoni kununua pazia. Baba, aliyekuwa mlinzi bandarini, alikuwa na mapumziko. Kwa kuwa fundi hakuwepo na Bibi alikuwa anafika kesho, aliamua kupiga niru ya ukumbi mwenyewe.

"Ni uji wa saruji tu," alisema. "Uji gani utanishinda?"

Mama na Leonia walirudi mapema kuliko alivyotarajia. Walimkuta nyuma ya nyumba anakoroga saruji, redio ikipiga, hakuwaona. Wakaingia chumba cha Bibi, wakafunga mlango kuzuia vumbi, wakaanza kupima pazia na kukunja upindo. Walishona kwa mkono, mmoja upande huu, mwingine upande ule.

Mama alipofungua mlango, hakutoka. Ukumbi wote uling'aa, kijivu, mbichi. Huko mbali, kwenye mlango wa mbele, Baba alikuwa amepiga magoti na mwiko mkononi, akimalizia kipande cha mwisho.

"Baba Pastory," Mama alisema, "sisi tunatokaje?"

Baba aliinua kichwa. "Mlikuwa humo?"

"Tulikuwa humo."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu ulipoanza kuimba."

Baba alitazama sakafu, akamtazama mkewe, akafuta jasho kwa mkono na kujipaka saruji usoni. Alikuwa ameanzia mlangoni kwao na kurudi nyuma hadi nje, bila kuuliza nani yuko ndani. "Itakauka," akasema.

"Lini?"

"Kesho asubuhi."

Mama alifunga mlango polepole. Dirisha lilikuwa na nondo, maana Baba hakutaka wezi. Chumba kilikuwa na kitanda cha Bibi, pazia moja, na jua la saa nane.

Haikupita muda Mama Frida, jirani, akatokea dirishani na mahindi mawili ya kuchoma.

"Mmehukumiwa miaka mingapi?" aliuliza, akipitisha mahindi katikati ya nondo.

"Usinichekeshe, Mama Frida. Nina hasira."

"Haya ndiyo mambo ya kukosa fundi. Hata mimi nilitaka Feliksi anipakie nyumba wiki ijayo, nikamwambia asije. Nina mchicha wangu pale. Kumbe jirani yetu Mama Scola naye amemkatalia."

Leonia alishika hindi bila kulila. Mama Frida alipoondoka, Mama alikaa kitandani na kupiga godoro kwa kiganja, yaani njoo ukae.

"Afadhali wewe ulikuwa macho ukamwona," Mama alisema. "Bila wewe angewaharibia na wengine."

Leonia hakukaa. Alisimama kati ya kitanda na mlango. Mbele yake alikuwepo Mama, nyuma yake sakafu mbichi, na dirishani, chini ya nondo, miche ishirini na minne iliyolala chini.

"Mama, sikumwona."

"Hukumwona nani?"

"Feliksi. Sikumwona akimwaga chochote." Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini sasa ilikuwa imeanza na haikutaka kurudi. "Bomba lilikufa. Nilimwagilia maji ya pipa."

"Pipa gani?"

"La migebuka."

Mama alinyanyuka. Alipokasirika alizoea kutoka, akazunguka nyumba mara moja, kisha akarudi akiwa ametulia. Alifika mlangoni, akaufungua, akaona sakafu, akaufunga. Alirudi dirishani, akashika nondo.

"Maji yale yana kilo nne za chumvi," alisema hatimaye. "Chumvi ya Uvinza, niliitia mwenyewe. Kwa nini hukusema?"

"Uliniuliza kama nilimwagilia. Nilikuwa nimemwagilia."

"Na nilipokuuliza kama ulimwona?"

Leonia aliinamisha kichwa. Machozi yalianza. Mama hakumfuta, wala hakumfukuza. Walikaa hivyo, kila mmoja na ukuta wake, mpaka Baba alipochungulia dirishani. Uso wake ulikuwa bado na saruji.

"Nimempigia Feliksi simu," alisema kwa sauti ya chini. "Najua tulimfukuza. Lakini sakafu inaanza kupasuka, na ninyi mko humo. Sikuwa na la kufanya."

"Amekubali?" Mama aliuliza.

"Amesema anakuja."

Feliksi alifika jua likiwa limeanza kushuka. Aliegemeza baiskeli, akaja dirishani. Mama alijitengeneza kitenge kichwani.

"Karibu, Feliksi. Habari za Kidahwe?"

"Nzuri, Mama Pastory."

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo."

"Na mvua huko? Huku hakuna mvua kabisa. Njia vipi, si mbaya?"

"Njia ni ile ile."

Mama akatafuta swali jingine. Leonia alimwona akilitafuta, akajua kwamba hata kwa watu wazima neno hurudi tumboni. Akasogea, akashika nondo kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba."

"Niliyeua miche ni mimi. Niliimwagilia maji ya chumvi ya samaki, nikaogopa. Mama aliponiuliza kama nilikuona, nikasema uongo kwa kichwa. Naomba unisamehe. Nitakwenda kwa Mama Frida na kwa Mama Scola, niwaambie mwenyewe."

Feliksi alimtazama. Hakuonekana kushangaa.

"Siku ile nilionja udongo," alisema. "Ulikuwa chumvi tupu. Nilijua."

"Mbona hukusema?" Mama aliuliza.

"Mtu akishafukuzwa nani anamsikiliza? Nikasema labda mtoto atasema mwenyewe, itakuwa vizuri zaidi kwake." Alichuchumaa, uso wake ukawa sawa na wa Leonia kwenye nondo. "Sikiliza, binti. Mimi nakosea kila siku. Saruji ikiwa mbichi, kosa nalirekebisha kwa kiganja. Nikiliacha likauke kwa aibu, inabidi nyundo, na nyundo inavunja hata pale palipokuwa pazuri. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kosa likiwa bichi. Umechelewa siku moja tu, na tazama: kazi ya nyumba imesimama, majirani wamenikataa, baba yako amekuwa fundi."

"Hilo la mwisho ndilo baya," Baba alisema.

Feliksi alizunguka nyuma, akaingia jikoni, ambako mlango wa ndani ulitazamana na wa chumba cha Bibi, upana wa ukumbi tu kati yao. Alilaza ubao mrefu kutoka kizingiti cha jikoni hadi kizingiti cha chumba, juu ya sakafu bila kuigusa. Baba alijipiga paji la uso. Kisha Feliksi akaanza kuisawazisha upya, akinyunyiza maji, mwiko wake ukienda bila sauti.

Leonia alivuka kwanza. Alikwenda moja kwa moja chini ya dirisha na jembe. Feliksi alikuwa amemwambia afukue udongo wenye chumvi shubiri mbili kwenda chini, autupe mbali, alete udongo mpya wa mgombani. Nyanya zote zilikuwa zimekufa, na bilinganya pia. Maua tisa yalikuwa na shina bichi bado. Aliyahamishia kwenye viroba vya udongo mpya, akashuka ziwani na ndoo, akapanda, akashuka tena. Bibi angefungua dirisha akaona viroba tisa na tuta tupu, na Leonia ndiye angemweleza kwa nini.

Aliporudi safari ya pili alimkuta Mama amesimama jikoni, ubao bado uko nyuma yake, kikombe cha chai mkononi. Feliksi alikuwa amepiga magoti ukumbini.

"Feliksi, kunywa chai kwanza," Mama alisema. "Ina tangawizi. Na Jumatatu zile kuta tatu, kama una nafasi. Na mkanda ule mwekundu, watu wameusifu sana."

"Asante, Mama Pastory."

Mama aliweka kikombe chini. Mikono yake ilibaki bila kazi.

"Leonia alidanganya," alisema, "lakini aliyekufukuza ni mimi. Niliona matone meupe nikaacha kuuliza. Nilimwuliza mtoto aliyekuwa na hofu, na wewe mtu mzima sikukusikiliza. Nilikukosea, Feliksi. Nisamehe."