Sahani Aliyoikataa Kasuku

Kila asubuhi ya likizo Kasuku alipiga pasi nguo ambazo mama yake, fundi cherehani, alizishona pale sebuleni. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na jina hilo alibandikwa kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

Wiki moja kabla ya sikukuu alijaribu gauni lake jipya. Zipu ikagoma katikati ya mgongo.

"Mwanangu, kiuno hicho!" akacheka mteja mmoja aliyekuwa akisubiri nguo zake. "Sikukuu hii funga mdomo, la sivyo utalipasua."

Kasuku naye alicheka, lakini neno lile lilimkaa rohoni. Tangu siku hiyo asubuhi alikunywa chai kavu, na mchana alijidai ameshakula. Mama, aliyezidiwa na nguo za watu, hakugundua.

Siku ya sikukuu Bibi, aliyekuwa mgonjwa kwa miezi mingi, aliamka alfajiri akataka apelekewe kigoda jikoni. "Leo napika mwenyewe," alisema. Alipika wali na kuku, akipumzika kila alipomaliza kukata kitunguu kimoja. Wageni walipokaa, sahani ya kwanza alimpa Kasuku, na paja zima juu yake.

"Nimeshiba, Bibi."

"Umeshiba nini, na hujala? Chumvi imezidi?"

"Hapana. Sitaki tu."

Bibi akaonja mchuzi, akatikisa kichwa. "Basi mkono wangu umeishiwa ladha," akasema taratibu, akaisogeza sahani pembeni. Kisha akaomba asaidiwe kurudi kitandani.

Jioni Kasuku alianguka akiosha vyombo. Mama alimkimbiza zahanati. Muuguzi alimpima, akamuuliza, "Tangu lini hujala chakula cha maana?" Ndipo Kasuku akasema yote huku akilia.

Mama akamshika mkono. "Mwili wako unakua, ndivyo inavyotakiwa. Gauni nitalifumua nilipanue. Wewe ukiharibika, nitakushona kwa uzi gani?"

Waliporudi nyumbani, Kasuku alikwenda moja kwa moja chumbani kwa Bibi.

"Bibi, chakula chako kilinukia mpaka mate yakanijaa. Niliogopa kunenepa tu."

"Kumbe!" Bibi akatabasamu. "Nami nimelala hapa najilaumu. Nikipata nguvu nitakupikia tena, ule mpaka ulambe vidole."

Nguvu hazikurudi. Siku ya kumi baada ya sikukuu Bibi akafariki.

Baada ya mazishi majirani walileta chakula. Kasuku alikaa kwenye kizingiti, hakugusa kitu.

"Alinipikia mara ya mwisho, Mama, nikamkatalia. Sasa nitakulaje?"

Mama aliketi kando yake. "Alikusamehe hata hujamaliza kumweleza, mwanangu. Lakini nisikilize. Siku ya sikukuu si siku ya kupimana viuno. Tunakula pamoja kwa sababu hatujui mwakani nani hatakuwepo. Ukiandaliwa chakula kwa upendo, kula na ufurahi. Na mtu akikucheka mwili wako, njoo uniambie. Usijinyime kimyakimya."

Akamsogezea sahani. Kasuku akala polepole, machozi yakidondokea kwenye wali, na mama yake akala naye katika sahani ileile.