Uzi wa Kumi na Mbili

Siku ya kutolewa nyuzi, waliokuwepo chumbani ni hawa: Fundi, yaani mshonaji wa nguo mwenye shavu lililoshonwa; dada yake mkubwa, ambaye watu wote walimwita Mama Pacha; na muuguzi wa zamu. Watatu. Fundi alihesabu wanne.

Pasi ya mvuke ilikuwa imempasukia usoni kazini. Daktari akachukua ngozi ya paja lake, akatia kiraka shavuni, akakizungushia nyuzi kumi na mbili.

Muuguzi alizivuta moja moja. "Kumi na moja," akasema. "Faili linasema kumi na mbili."

"Daktari alihesabu vibaya," alijibu Fundi, ambaye kwa miaka thelathini hakuwahi kukosea mshono hata mmoja.

Uzi wa mwisho ulikuwa umejificha chini ya kigaga cha kidonda, karibu na sikio, naye aliujua. Tangu mumewe afe, miaka sita sasa, hakuna mkono wa mtu uliogusa uso wake kwa mapenzi, na nyumbani alizoea kuongea na cherehani. Aliporudi na bendeji, akaongea na shavu. Siku ya tatu, mchana kweupe, harufu ya udongo mbichi ikajaa chumbani, na shavu likamjibu kwa upole: "Pole, mpenzi. Wakitoa nyuzi, mmoja niachie. Ndio mlango wangu."

Akamwachia.

Wiki ya pili kona ya kiraka ikawa nyeusi. Kingo zikavimba kama kamba. Wateja wakaanza kusimama nje ya mlango, wakipokea nguo kwa ncha za vidole. Mama Pacha akaja na mganga, mzee mpole mwenye kikohozi.

Mganga alinusa tu. "Ana pa kujishikiza huyu," alinong'ona. "Mama, kimebaki nini humo ndani?"

"Hakuna kitu."

"Sema, mdogo wangu," Mama Pacha alisihi. "Nimekuacha peke yako mno, najua. Sema, nami nahamia hapa. Nitakukoromea mpaka unifukuze."

Fundi alitaka kucheka, akataka kulia. Maneno hayo aliyangoja miaka sita. Lakini shavu lilipata joto, na ile sauti ikasema karibu kabisa na sikio: "Nyumba hii ina nafasi ya mmoja."

"Hakuna kitu," alirudia.

Mganga alikunja kitambaa chake. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," akasema, akatoka.

"Basi nahamia vivyo hivyo," alisema Mama Pacha. "Jumanne asubuhi. Na huyo mgeni wako atalala chini!" Akambusu dadaye palepale penye weusi, bila kukunja uso, akaenda zake.

Jumanne Fundi aliamka mapema, akafagia, akatandika kitanda cha pili kwa shuka mpya. Kisha akakaa mbele ya kioo na mkasi wake mdogo na kibano. Alikuwa amechagua.

"Nenda," aliliambia shavu. "Dada yangu anakuja."

Akabandua kigaga, akaukamata uzi, akaukata fundo na kuuvuta, nao ukaja bila maumivu, urefu wa kidole, urefu wa mkono, ukaanguka mapajani pake, ukateremka sakafuni, mweusi na wenye unyevu, ukinuka udongo uliofukuliwa sasa hivi, naye akaendelea kuvuta kwa sababu fundi haachi uzi ukining'inia, akivuta na kujiambia kwamba hakuna jeraha lenye uzi wa urefu huu, akivuta huku jua likiingia dirishani na watu wakipita njiani wakisalimiana, mpaka uzi ukakaza ghafla, na kutoka upande wa pili, ndani kabisa, mtu akauvuta naye, taratibu, kama anayejaribu uzito wa kitu.

Uzi ukalegea. Mwisho wake ulikuwa na fundo jipya.

"Nimekwenda," sauti ilisema, kutoka mbali. "Narudi sasa hivi."

Simu ikalia. Alikuwa mmoja wa watoto pacha wa dada yake.

Mama Pacha alifariki asubuhi hiyo, saa mbili na nusu, begi lake likiwa mlangoni.