Ubeti wa Tatu Chini ya Leso

Sauti ilimfikia kabla ya uso. Ilitoka nyuma ya majora ya vitenge katika duka moja la Biashara Street, sauti ya mwanamke anayejiimbia bila habari. Fidel Odhiambo, aliyekuwa akipita na gitaa mgongoni, alisimama ghafla katikati ya watu.

"Songa, buda! Hii njia si yako!" mpita njia akamfokea.

Hakusonga. Wimbo ule ulikuwa wake. Aliutunga chumbani kwake Kabiria wakati wa masika, roki laini ya gitaa moja, akauita "Mvua ya Kabiria". Tangu hapo kila mtu alikuwa ameuimba apendavyo. Norman, mwimbaji wa hoteli moja ya Parklands, aliurekodi kwa piano na kujitangaza kuwa mtunzi. Kwaya moja ya Kawangware iliondoa mpenzi ikaweka Mwokozi. Muuza magodoro aliupiga kwenye spika ya pikapu yake. Wote waliimba beti mbili. Ubeti wa tatu ulijulikana na watu wawili tu, na sasa aliusikia:

*Bati letu likivuja, kitanda tutahamisha,*
*Sufuria tutapanga, matone kutuimbisha…*

Fidel akazunguka majora.

"Mwizi," alisema.

Wamucii, aliyekuwa mpenzi wake, akageuka. Alivaa gauni la rangi ya haradali lililombana kiunoni, na hereni za shaba zilizocheza kila alipotikisa kichwa. Mikononi alikuwa na leso tano zinazofanana.

"Sasa, Fidel. Hata salamu umesahau?"

"Salamu mpelekee Norman. Si ndiye ulimpa wimbo wangu?"

"Wewe ulibadilisha namba ya simu bila kuniuliza swali hata moja. Leo ndiyo unauliza?"

"Hizo leso ni za nini?"

"Za ruracio. Jumamosi, nyumbani kwetu Waithaka. Norman analeta mahari."

Wamucii angeweza kuongeza jina moja tu na mambo yakaeleweka. Alilimeza, akautazama uso wa Fidel ukikauka, akaona raha.

"Nitakuja," Fidel akasema kwa meno yaliyokaza. "Na gitaa. Nitawaimbia ubeti wa nne. Wa kukuchoma."

"Njoo ukiwa umeoga, basi."

Jioni Fidel alikaa kitandani akipanga matusi yenye vina. Alikuwa amefika mstari wa pili simu ilipolia.

"Umemaliza kunitukana?"

"Namba hii umeitoa wapi?"

"Umeiandika kwenye mkoba wa gitaa, kubwa kama ya muuza maji. Fidel, anayeolewa ni Waithera."

Waithera alikuwa dada mkubwa wa Wamucii. 

"Nilimwimbia nikimsuka nywele," Wamucii akaendelea. "Yeye akamwimbia Norman, mapenzi yakiwa bado moto. Norman akakimbilia studio. Ubeti wa tatu sikumwimbia mtu."

"Mbona hukusema pale dukani?"

"Ulinifanya nilie mwaka mzima. Nilitaka nawe uumie, angalau mpaka jioni."

Fidel akacheka bila kupenda. Lakini hasira yake haikufa. Iligeuka tu, ikatafuta mlango mwingine.

"Basi amebaki Norman."

"Amebaki Norman. Hata Waithera amechoka naye. Alimwomba akutaje, akajibiwa kwamba mtu wa Kabiria hawezi kutunga kitu kama kile. Sasa sikia, mpenzi…"

"Umeniita nani?"

"Sikia kwanza, wacha kujipendekeza!"

Siku ya ruracio wasichana wangefunikwa leso kutoka kichwani hadi miguuni, na bwana harusi angemchagua wake. Akikosea, faini. Norman aliogopa aibu hiyo, kwa hiyo alikuwa amepatana kisiri na Waithera: avume ule wimbo, midomo imefumbwa, chini ya leso, naye amtambue.

"Na Waithera hatavuma," Wamucii akasema. "Nitavuma mimi."

Jumamosi uwanja wa akina Wamucii ulijaa mahema. Norman aling'aa katika suti ya buluu, kitambaa cheupe mfukoni. Fidel alikaa pembeni na gitaa kama mpigaji wa kukodiwa, shati lake jeusi limepigwa pasi mpaka likaweka mistari. Wasichana watano waliletwa, miguu haionekani, mikono haionekani.

"Kijana!" Shangazi Mwihaki akapaza sauti kwenye kipaza sauti. "Ukimshika asiye wako, tunataka mbuzi, na si wa kukopa!"

Fidel akagusa nyuzi. Wa nne katika mstari akaanza kuvuma. Norman akatabasamu, akatembea moja kwa moja, akamshika.

"Huyu ndiye! Wimbo wangu umemleta kwangu!"

"Haya, uimbeni pamoja!" Shangazi akampa kipaza sauti.

Chini ya leso sauti ikafunguka: *Bati letu likivuja…* Norman akafungua kinywa, akakifunga. Akarukia ubeti wa kwanza, akapotea. Fidel akaudaka ubeti kutoka pembeni, sauti mbili zikapanda pamoja:

*Wakicheka majirani, redio tutaiwasha…*

Leso ikafunuliwa. Wamucii akatoa ulimi.

Hema likalipuka kwa vicheko. "Umeshika shemeji!" Shangazi akapiga kelele. "Na wimbo wako mwenyewe huujui?"

Wa tano, ambaye bado alikuwa amefunikwa, akasema polepole, "Taja aliyeutunga, Norman, ama nirudi ndani na leso yangu."

Jasho likamtoka Norman. "Ni… Fidel Odhiambo."

"Wa wapi?" Fidel akauliza.

"Wa Kabiria."

"Rudia. Spika haikushika."

Norman akarudia, kwa sauti, mbele ya wazee wake na wa akina Waithera. Hapo ndipo Waithera alipojifunua.

Wamucii akamsogelea Fidel. "Umeridhika sasa?"

"Bado."

Akaweka gitaa chini, akaenda hadi alipokaa Mama Waithera, akainama kwa heshima, kisha akasimama wima na kusema hema zima lisikie:

"Mama, nitarudi hapa na wazee wangu kutoka Siaya. Mfunike wasichana watano, mfunike kumi. Wamucii asivume, asikohoe. Nitamshika mkono yeye, na nikikosea, wimbo wote na ubeti wake wa tatu nimempa Norman."