Benchi Lililompita Ngaire Kimo

Ngaire aliketi kwenye kigoda cha watu bila kuuliza bei, maana soko la Jumamosi la mji wa Nelson lilikuwa limefurika na miguu ilikuwa imechoka. Alivaa koti la mvua la njano, na sikioni ilining'inia hereni ya jiwe la kijani aliyoachiwa na bibi yake. Mwenye kigoda, mwanamume mrefu mwenye vumbi la mbao kwenye sweta, alimtazama miguu kabla ya uso.

"Hicho si chako, dada," alisema. "Visigino vinaelea."

Ngaire alikuwa ameendesha basi la shule miaka mingi, na mpaka siku hiyo hakuna mtu aliyewahi kumwambia jambo la kumshangaza kuhusu viti. Akamweleza kwamba basi lile sasa lilikuwa nyumba yake. Viti alishaving'oa, kitanda na jiko vimeingia. Kilichobaki ni benchi la mbele, lenye sanduku chini na mikanda ya safari. Kabla ya baridi alitaka kuvuka kwa feri aende kisiwa cha kaskazini, peke yake.

Fundi huyo, Lachlan, alikubali kulitengeneza, akaleta rundo la vitabu vikuukuu. Akamketisha juu yake, akiongeza na kupunguza mpaka visigino vikatua, kisha akatia alama kwenye ufito wa kupimia. Ngaire akabaki kujiuliza ni mwanamume wa namna gani huyu anayeanza kufahamiana na mtu kwa magoti yake.

Siku ya kufunga benchi ndani ya basi, Ngaire alilala chini ya basi, spana mkononi, akishika nati huku Lachlan akikaza kutoka juu. Waliongea kupitia tundu la sakafu.

"Uko salama huko, mpenzi?"

Spana ya Ngaire ilisimama.

"Umemwita nani?" Ngaire aliuliza.

"Naongea na bolti."

"Basi bolti imesikia."

Ngaire akatoka, akanawa grisi, akaketi kwenye benchi kwa madaha. Miguu ikaning'inia kama ya mtoto. Ngaire aliitazama, akakumbuka uvumi aliousikia sokoni kuhusu Merle, mfinyanzi wa mji wa Motueka, ambaye Lachlan alimtengenezea benchi mwaka uliopita. Akamgeukia Lachlan.

"Hili ulimpimia nani?"

Lachlan aligeuka mwekundu mpaka masikioni. Alisema tu kwamba atarudi kulipunguza kimo, akabeba sanduku la vifaa, akaenda zake.

Wivu ulimchoma Ngaire, lakini udadisi ulimzidi. Akampigia simu Merle, akamuuliza waziwazi. Merle alicheka mpaka akakohoa. Yeye ni mfupi kama birika, alisema, na benchi lake liko chini hivi kwamba wageni hukalia mito.

Basi hili refu ni la nani?

Asubuhi iliyofuata Lachlan alifika na msumeno, akapiga magoti kuweka alama.

"Kwanza kaa," Ngaire alimwambia.

Alisita, akakaa. Visigino vikatua polepole, mgongo ukaegemea; wakapatana, yeye na benchi, kama chungu na kifuniko chake.

"Kila nilipolijaribu karakanani nilikaa mwenyewe," Lachlan alisema, macho chini. "Nikikaa nakuona kwenye usukani. Nikapiga randa, nikakaa tena. Nikasahau kushuka hadi kipimo chako."

Ngaire aliutwaa msumeno, akauweka nje kwenye majani.

"Mimi kiti changu ni cha dereva, fundi. Nikiwa njiani, hapo ulipokaa hapana mtu."

"Ulisema unakwenda peke yako."

"Nilisema kabla sijapimwa. Utanichongea kibao cha kuwekea miguu, cha jioni tukisimama."

Akaenda mbele, akawasha. Basi likakohoa, likatetemeka, sufuria zikagongana. Akainua macho kwenye kile kioo kikubwa alichozoea kuwatazamia watoto watundu.

"Funga mkanda," alisema, kwa sauti ileile ya zamani.

Lachlan akaufunga.