Ndege Hawajui Kuhesabu

Mimi ni fundi cherehani. Habari za majini na wachawi nilikuwa nawaachia watu wasio na kazi, na mteja akiniletea stori za paka aliyeongea humwambia avue koti nimpime. Kwa hiyo haya sikuyatafuta. Yalimkuta kaka yangu, mtoto wa mama yangu mwenyewe, na mimi nilikuwepo.

Kaka ni mpiga picha. Studio yake na kiduka changu ni chumba kimoja tulichokigawa kwa pazia: huku cherehani, kule kiti cha picha za pasipoti. Mji mzima unamwita Usipepese, maana ndilo neno analomwambia kila anayekaa kwenye kile kiti. Lakini moyo wake haukuwa kwenye pasipoti. Ulikuwa majabalini, kwa ndege mmoja: tai mwenye ndevu, yule anayepaa na mfupa na kuuachia uvunjike kwenye mawe, kisha anatua kula uboho. Kwetu hakuna aliyewahi kumpiga picha. Kaka alimtafuta miaka sita, na mwaka huo akagundua kiota chake kwenye ufa wa jabali.

Nilimshonea kibanda cha kujifichia cha turubai la rangi ya mawe. Nyuma niliweka zipu, mbele tundu la lenzi lenye mkono kama wa shati. Ndipo akanieleza hila ya kazi yao. Ndege akimwona mtu anaingia kibandani, hatui mpaka amwone ametoka. Basi wanaingia wawili, anatoka mmoja.

"Ndege hawajui kuhesabu," alisema. "Akikuona unaondoka, atadhani kibanda ni kitupu."

"Na wewe utatokaje?"

"Utakuja kunichukua. Piga mluzi mara tatu, useme 'toka'. Nikichomoza peke yangu atajua anaviziwa, atakihama kiota na kinda litakufa njaa. Hata nyumba iungue, sitoki mpaka nikusikie."

"Hata haja ndogo?"

"Nina chupa."

Tulicheka sana. Siku ya safari, Mama alitusindikiza hadi mlangoni. Macho yake yana mtoto wa jicho, anatuona kama vivuli tu, kwa hiyo alitushika vichwa kimoja kimoja, kama alivyozoea kutuhesabu tangu tukiwa wadogo. "Mnatoka wawili, mrudi wawili," alisema.

Tulifika juu saa mbili asubuhi. Hapakuwa na mti, mawe matupu na upepo. Chini ya jabali kulitapakaa vipande vya mifupa, vyeupe, vimelambwa safi. Tuliingia kibandani wote wawili, tukabanana. Kaka alifunga kamera kwenye miguu yake mitatu, akainyoosha futi yangu ya kupimia nguo iliyokuwa inaning'inia shingoni, ile iliyoungua na pasi kwenye namba arobaini, akanitania kwamba hata mlimani nakuja kupima watu. Kisha akaninong'oneza, "Nenda. Nitakupiga picha moja ya mgongo, nipime mwanga."

Nikatoka, nikashuka peke yangu.

Kwenye kona ya kwanza ukungu ulishuka. Nikasikia kokoto zinalia kando yangu, hatua kwa hatua na mimi. Nikasimama. Zikalia mara moja zaidi, ndipo zikanyamaza. Nikajiambia ni mwangwi, nikaenda mbio hadi njia panda, nikakaa kupinda suruali za wateja kwa mkono. Nilijichoma sindano mara tatu.

Saa kumi nilirudi. Nikapiga mluzi mara tatu. Sikumaliza hata kusema "toka", zipu ikafunguka.

"Umempata?"

"Nimempata," alijibu, akatangulia njia.

Nyumbani ndipo nilipoona mkoba wake umelala bapa kama mfuko mtupu. "Kamera iko wapi?"

"Nimeiacha."

"Umeiacha?" Huyu ni mtu anayelala na kamera kando ya mto.

"Iache," alisema.

Nikadhani amechoka. Lakini siku zilizofuata hakufungua studio. Wateja walikaa kwenye kile kiti wakisubiri, mimi ndiye niliyewaomba radhi. Yeye alishinda nyumbani kando ya Mama, kimya, na Mama alifurahi, maana Kaka hakuwahi kutulia naye hata nusu saa. Mimi sikufurahi. Siku ya tatu niligundua kwamba hapepesi macho. Halafu sahani zilianza kunishangaza. Tukila nyama, naenda kuosha vyombo nakuta hakuna mfupa hata mmoja. Hatufugi mbwa.

Siku ya tisa uvumilivu uliniishia. Kamera ndiyo kazi yake, na mvua ilikuwa njiani. Nikapanda mwenyewe asubuhi, nikinung'unika njia nzima. Kibanda kilikuwa palepale, kimefungwa. Sikupiga mluzi. Nimpigie nani? Nilifungua zipu nikachungulia: kigoda, chupa, kamera juu ya miguu yake imeelekezwa jabalini. Hapakuwa na mtu. Nikaishika kamera kuitoa. Ikakataa kidogo, kama mkanda umenasa mahali. Nikaivuta kwa hasira, ikaachia.

Mchana nilikuwa studio nyuma ya pazia, nikachomeka kadi kwenye kompyuta.

Picha ya kwanza ilikuwa mgongo wangu nikishuka mteremko. Kando yangu alitembea mwanamume mwenye koti la kaka yangu. Koti lile nililishona mimi, nalijua hata mshono wake wa begani. Lakini aliyebonyeza kamera ndiye kaka yangu, na alikuwa ndani ya kibanda.

Nikabonyeza mbele. Tai mwenye ndevu ametua. Tai anamlisha kinda. Picha nzuri ajabu. Tarehe ya siku ileile.

Nikabonyeza tena. Tai, siku ya pili. Siku ya tatu. Siku ya tano. Siku ya nane, kinda limeota manyoya.

Picha ya mwisho ilikuwa ya asubuhi ile. Ilikuwa mimi, napanda mlima, uso umekunjamana kwa hasira.

Niliona jambo moja tu, nikaliona wazi: kaka yangu hajatoka. Amenisubiri siku tisa kwa sababu tulikubaliana hivyo, na leo nimeingiza mkono nikamnyang'anya kamera bila kusema lile neno.

Sikupitia nyumbani. Sijui nilipandaje. Nilifika midomo imekauka, mluzi haukutoka. Nikajaribu tena. Ukatoka mmoja. Wa pili. Wa tatu.

"Toka," nikasema. "Kaka, toka. Ni mimi."

Upepo ukavuma. Zipu ikashuka polepole kutoka ndani, ikikwama palepale inapokwama siku zote.

Alitoka kwa magoti. Ndevu za siku tisa, midomo imepasuka. Alipepesa macho kwa jua, akapepesa, na mimi nikaangua kilio. Nikamkumbatia. Alikuwa na harufu ya jasho na mkojo, harufu ya mtu, na sijawahi kufurahia harufu mbaya kiasi kile.

"Umekawia sana," alisema.

"Umeishije? Umekula nini?"

Akanitazama kana kwamba nafanya mzaha. "Si ulikuwa unaniletea wewe?"

"Mimi?"

"Kila asubuhi. Unapitisha mkono kwenye tundu la lenzi. Nakuuliza, 'Nitoke?' Unaninong'oneza, 'Bado. Usitoke.'" Akashusha sauti. "Uso hukuonyesha. Lakini futi niliiona ikining'inia. Pale palipoungua."

Akatia mkono mfukoni, akatoa alichobakiza. Ilikuwa mifupa. Mifupa ya jikoni kwetu, iliyokatwa na kisu changu, na mmoja umepasuliwa na kufyonzwa.

Tulishuka tumeshikana mikono kama watoto. Kokoto zililia chini ya miguu yetu, nami nilizihesabu njia nzima. Nilikuwa naogopa kitu kimoja tu: yule aliyekaa na Mama.

Mama alikuwa mlangoni. Alisikia hatua zetu akacheka. "Mmesahau nini tena?"

"Tena vipi, Mama?"

"Si mmekula hapa sasa hivi? Mkaniaga, mkasema mnarudi mlimani."

"Nani na nani?"

"Jamani. Wewe na kaka yako."

Kaka alinibana vidole mpaka vikauma. Mama akanyoosha mikono kutafuta vichwa vyetu. Akamgusa Kaka. "Mmoja." Akanigusa mimi. "Wawili." Kwa Kaka mkono uliondoka upesi. Kwangu ulibaki. Ulipapasa paji la uso, ukashuka shavuni, ukarudi juu, kama wa mtu anayekagua kitambaa kabla ya kununua. Kisha akaingia ndani.

Mezani palikuwa na sahani mbili, bado zina uvuguvugu. Hazikuwa na mfupa. Na kwenye mgongo wa kiti changu ilining'inia futi ya kupimia nguo.

Nikajigusa shingoni. Yangu ilikuwepo.

Nikaziweka mezani sambamba. Zote mbili za njano, zote zimefifia ncha kwa vidole vyangu. Zote zimeungua na pasi kwenye namba arobaini. Kaka akaniuliza kwa kunong'ona nilikuwa nimevaa ipi. Nikanyoosha kidole kuonyesha, kikabaki hewani, na hadi leo sijaweza kumjibu.