Unaona Ngapi?

"Amenipita, shoga! Barabarani, mchana kweupe, kama amepita nguzo ya umeme!"

Shoga yangu msusi hakuacha kusuka kichwa cha mteja wake.

"Ulimwita?"

"Nilimpungia mkono. Akakaza shingo, huyoo!"

"Na meseji anajibu?"

"Wapi! Jioni ndiyo anapiga: 'Eti ulikuwa unasemaje?' Kana kwamba sikuandika."

"Basi keshapata mwingine. Dalili ya mvua ni mawingu, mwaya."

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea mageti. Alinitongoza kwa nyota. Tulikuwa tumekaa kwenye ngazi za nyuma ya nyumba, akaninyooshea moja ambayo ukikaza macho unaona kumbe ni mbili, kubwa na ndogo iliyoibana ubavuni. "Wengi wanaona moja," akaniambia. "Mimi na wewe tunaona mbili." Tukaziita Bwana na Bibi.

Siku hizi akirudi anajitupa kitandani, uso ukutani. Nalala pembeni yake na upweke wangu. Mjane ana nafuu, anajua mtu wake yuko wapi.

Nilipotoka kwa msusi nikafungasha. Sanduku langu jekundu, alilonipa siku ya harusi, nikalisimamisha mlangoni alione vizuri. Nikamwandikia: "Nimechoka kuwa mpweke ndani ya ndoa. Naondoka leo. Usinitafute."

Alifika giza likianza kuingia, akajikwaa.

"Aa! Nani kaweka gunia la mkaa mlangoni?"

Gunia la mkaa! Nilitamani kumrukia.

"Meseji yangu umeipata?"

"Nimeipata."

"Kwa hiyo?"

"Haina shida, mke wangu."

Haina shida! Machozi yakanitoka, wala hakuniuliza nalia nini. Nikaona niage pale tulipoanzia.

"Njoo nje tukawaone Bwana na Bibi."

Akanifuata akipapasa ukuta. Tukakaa kwenye ngazi zetu. Nikainua uso: wingu zito limetanda mbingu nzima, nyota hakuna hata ya dawa. Kabla sijafungua mdomo, akanitangulia.

"Wanapendeza leo."

"Nani?"

"Bwana na Bibi. Si wale pale?"

Akanyoosha kidole.

"Unaona ngapi?"

"Mbili. Kama zamani."

Nikakumbuka barabarani, nikakumbuka meseji na lile gunia la mkaa.

"Mume wangu, kuna wingu. Hakuna nyota."

Akashusha mkono polepole.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Ilianza kama ukungu. Sasa nikikutazama uso wako siupati, napata sauti tu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Fundi asiyeona ni wa nini? Ungebaki kwa huruma."

"Mjinga wewe! Umeniacha mpweke na uko hapa hapa!"

"Hata mimi nilikuwa mpweke, hapa hapa."

Nikamkumbatia, nikalia mpaka shati lake likalowa. Nilikuwa nimemkasirikia, na nilikuwa nampenda vibaya sana.

"Kesho tunaenda hospitali."

"Wakisema macho hayaponi je?"

"Basi nyota nitakuhesabia mimi."

Akatoa simu mfukoni.

"Ile meseji ya leo sikuisoma. Nilibahatisha tu jibu. Nisomee."

Nikaifungua. Maneno yangu mwenyewe yakanikodolea macho.

"Inasemaje?"

"Inasema... 'Rudi mapema leo. Nina hamu na wewe.'"

"Na mimi nikakujibu haina shida!" Akacheka. Sikumbuki mara ya mwisho kumsikia akicheka vile. "Nisamehe, mke wangu."

"Nimeshasamehe."

Nikaifuta. Nikamshika mkono, tukarudi ndani taratibu. Mlangoni mguu wake ukagonga tena.

"Na hili gunia je?"

"La mkaa," nikamwambia. "Ngoja niliondoe."