Attracta Ajifunza Kuandika Namba Mbili

Kila Jumanne Nuala Gilhooly humvisha mama mkwe wake, Bi Attracta, koti, kisha wanangoja kibasi cha kituo cha wazee. Huko Bi Attracta hupata mlo wa moto na muuguzi wa kumpima presha. Jumanne hiyo kibasi hakikuja. Dereva alipiga simu. Serikali imekata fedha, kibasi kimesimamishwa, na kituo chenyewe kitafungwa baada ya Krismasi.

Nuala akamvua mama mkwe wake koti.

"Usihofu," alisema mumewe, Fintan. "Uchaguzi ni wiki ijayo. Chama chetu kitakilinda." Tangu enzi za babu yake, nyumba hiyo ilipigia kura Chama cha Mwenge tu.

Jioni akaja jirani yao Dervla, mkutubi mstaafu, na karatasi mkononi. "Hizi ni kumbukumbu za bunge. Someni."

Nuala akasoma kwa sauti. Fedha za vituo vya wazee zipunguzwe? Mbunge wao wa Mwenge alisema ndiyo. Mara mbili!

"Uongo!" Fintan aliinyakua karatasi. Akasoma, akarudia. "Lakini juzi alisimama mlangoni hapa! Alimshika mama mkono!"

"Na keki yangu akala," alisema Attracta. "Vipande viwili."

"Basi nitawapigia kura wapinzani!"

"Usiruke kwa hasira, Fintan," alisema Dervla. "Chagueni mambo machache yanayoigusa nyumba hii. Kila chama kiulizeni maswali yaleyale. Kinaahidi nini? Fedha zitatoka wapi? Kilipopata nafasi, kilifanya nini?"

Walisoma ilani tatu. Wapinzani wakubwa waliahidi mengi, bila kusema fedha zitatoka wapi. Chama kidogo, walichozoea kukicheka, kilijibu yote.

"Si nitapoteza kura kwa hao wadogo?" aliuliza Attracta.

"Haipotei," alisema Dervla. "Andika 1 kwa unayempenda, 2 kwa anayefuata, na kuendelea. Wa kwanza akiondolewa kwa kuwa na kura chache, kura yako inahamia kwa wa pili."

Attracta akashika mdomo. "Mungu wangu! Miaka sitini naandika 1, naondoka!"

Ijumaa ya wiki iliyofuata walipiga kura, kila mtu kwa mpango wake. Kati ya viti kadhaa vya jimbo lao, cha mwisho kilipatikana kwa tofauti ya kura kumi na tisa. Mshindi alikuwa namba mbili wa Attracta, aliyehamishiwa kura yake baada ya namba moja kuondolewa. Alikipigania kituo bungeni, na hadi leo kiko wazi.

Mbunge huyo mpya alipokuja kushukuru, Fintan alimpa mkono.

"Karibu," alisema. "Ila ujue, siku hizi tunasoma."